Viburnumu: Vichaka vya Majira Manne

Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, bustani haina budi kulala kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mjini London, kwa mfano, mchana wa siku fupi kabisa za mwezi Desemba haufikii saa nane kamili. Ardhi hupoa, mizizi hunyonya maji kwa shida, na miti mingi hupukutisha majani yake yote. Mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi mbele ya nyumba yake hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Morogoro au Kisumu hana haja ya kujiuliza: apande nini ili bustani isibaki tupu tangu Novemba hadi Machi?

Kwa zaidi ya karne moja watunza bustani wa Ulaya na Marekani wamelijibu swali hilo kwa kutegemea, pamoja na mimea mingine, jenasi moja ya vichaka, yaani Viburnum. Baadhi ya spishi zake huchanua katikati ya baridi. Nyingine hujaza hewa harufu nzuri majira ya kuchipua. Nyingine huzaa matunda mekundu, meusi au ya buluu. Na nyingine hazipukutishi majani kamwe. Lakini kuchagua viburnumu si kazi ya kutazama picha ya ua na kufungua mkoba. Kichaka hupandwa mara moja na huweza kuishi kwa miongo kadhaa. Aliyekosea hulitambua kosa lake baada ya miaka, aonapo kichaka kisichozaa tunda hata moja, au kilicholiwa na wadudu mpaka kikafa. Ili kuchagua vizuri ni lazima kuijua biolojia ya mmea. Kwa sababu hiyo jenasi hii ni somo zuri kwa mwanafunzi wa sayansi, hata mahali ambapo yenyewe haioti.

JENASI NA MAKAO YAKE

Wataalamu huhesabu spishi zipatazo 160 au zaidi. Nyingi huota Asia ya Mashariki, Amerika ya Kaskazini, na katika milima ya Amerika ya Kilatini hadi Andes. Ulaya ina chache. Viburnum tinus, iotayo kandokando ya Bahari ya Mediteranea, hufika Moroko, Aljeria na Tunisia, lakini kusini mwa Sahara hakuna spishi ya asili. Zamani jenasi hii iliwekwa katika familia ya Caprifoliaceae. Uchunguzi wa DNA umeihamisha, na leo imo katika familia ya Viburnaceae pamoja na jenasi ya Sambucus, ambayo mwakilishi wake mmoja, Sambucus africana, huota katika misitu ya milima mirefu ya Kenya. Kwa hiyo Afrika ya Mashariki ina binamu wa viburnumu, ingawa viburnumu yenyewe haipo.

Spishi zote hufanana katika mambo machache. Shina ni la mti. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Maua ni madogo, yenye petali tano zilizoungana na stameni tano, nayo hukusanyika katika mashada. Tunda lina kokwa moja. Baadhi ya spishi hutoa matawi yaliyonyooka na kukakamaa, na jambo hilo lilijulikana tangu kale. Mwaka 1991, katika milima ya Alpi mpakani mwa Austria na Italia, uligunduliwa mwili wa mtu aliyeishi miaka ipatayo 5,300 iliyopita, ukiwa umehifadhiwa na barafu. Katika podo lake mlikuwa na mishale iliyochongwa kwa matawi ya Viburnum lantana.

MAUA KATIKATI YA BARIDI

Mtunza bustani mwenye busara huanza na mwezi ulio maskini kuliko yote. Mwezi Mei kila bustani ya Uingereza ina maua. Ile ya Januari ndiyo huhitaji kufikiriwa.

Viburnum farreri hutoka kaskazini mwa China. Imepewa jina la Reginald Farrer, Mwingereza aliyekusanya mimea katika mkoa wa Gansu tangu mwaka 1914 na kufariki nchini Burma mwaka 1920. Kichaka hiki hufikia urefu wa mita tatu, nacho hutoa maua meupe yenye wekundu hafifu juu ya matawi yasiyo na jani hata moja. Spishi nyingine, Viburnum grandiflorum, hutoka milima ya Himalaya na ina maua makubwa zaidi. Katika miaka ya 1930 spishi hizo mbili zilizalishwa pamoja katika bustani ya mimea ya Edinburgh na katika bustani ya Bodnant iliyoko Wales. Chotara aliyepatikana huitwa Viburnum × bodnantense, na aina yake maarufu ni ‘Dawn’, ambayo huchanua kwa vipindi tangu Novemba hadi Machi.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kuna faida gani kwa mmea kuchanua wakati wadudu ni wachache na jalidi huweza kuunguza petali? Jibu limo katika mambo mawili. Kwanza, wadudu ni wachache, lakini maua yanayowagombania ni machache zaidi, na harufu kali huwaita kutoka mbali siku ambayo jua limetoka. Pili, matumba hayafunguki yote kwa siku moja. Jalidi ikiua maua yaliyofunguka leo, matumba yaliyofungwa husalimika na kufunguka siku za joto zinapofuata.

Matumba hayo hayakuumbwa wakati wa baridi. Yaliumbwa kiangazi kilichotangulia, na ndivyo ilivyo hata kwa viburnumu zinazochanua majira ya kuchipua. Hapa ndipo wengi hukosea. Anayepogoa kichaka mwezi Januari ili kukitengeneza vizuri huwa anakata maua ya mwaka mzima kwa mkono wake mwenyewe. Viburnumu inayopendwa kwa maua hupogolewa mara baada ya kumaliza kuchanua, ili iwe na muda wa kutosha wa kutoa matawi mapya na kuumba matumba ya mwaka unaofuata.

HARUFU, NA MAUA YASIYOZAA

Majira ya kuchipua huletwa na Viburnum carlesii ya Korea. Mashada yake huanza na matumba ya rangi ya waridi, kisha hufunguka meupe yenye harufu inayokumbusha karafuu. Matumba yake ya majira ya baridi hayana magamba ya kuyafunika. Majani machanga yamekunjwa wazi, yakilindwa na manyoya tu. Chotara wake, Viburnum × burkwoodii, alizalishwa mwaka 1924 katika kitalu cha Burkwood na Skipwith huko Kingston-upon-Thames. Huyu ana harufu ya mzazi mmoja, na kutoka kwa mzazi wa pili, Viburnum utile, amerithi tabia ya kuyashika baadhi ya majani hata wakati wa baridi.

Mwezi Mei na Juni ni zamu ya Viburnum opulus ya Ulaya na Viburnum plicatum ya Japani na China. Shada la Viburnum opulus lina maua ya namna mbili. Katikati kuna maua madogo, kamili, yenye stameni na ovari. Ukingoni kuna duara la maua makubwa meupe ambayo ni tasa. Maua hayo ya ukingoni ni kama bendera: kazi yake ni kuvuta macho ya wadudu, nao wadudu wakifika huchavusha yale madogo.

Binadamu aliona uzuri wa bendera akataka shada zima liwe bendera. Akachagua na kukuza vichaka ambavyo maua yake yote ni makubwa na tasa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana aina ya ‘Roseum’, ambayo mashada yake ni mviringo mweupe kama mpira wa theluji. Ni kichaka cha kupendeza sana kwa wiki chache, lakini hakizai tunda hata moja. Kwa mwenye bustani ndogo, ambaye kila kichaka hulazimika kufanya kazi katika majira zaidi ya moja, uzuri huo una gharama yake. Kwa ndege gharama ni kubwa zaidi, maana wao hutafuta matunda.

MAJANI: KUONDOKA NA KUBAKI

Majira ya majani kupukutika, jani la viburnumu hufanya kazi yake ya mwisho. Mmea huivunja klorofili na kurudisha naitrojeni ya jani ndani ya shina. Rangi ya kijani ikitoweka, karotenoidi za manjano zilizokuwa zimefichwa huonekana. Wakati huo huo spishi nyingi hutengeneza anthosianini, ambazo ni nyekundu au za zambarau. Siku za jua na usiku wa baridi isiyofika jalidi ndizo zitoazo wekundu mkali. Viburnum plicatum na Viburnum opulus husifika kwa jambo hilo.

Spishi zisizopukutisha majani zimechukua njia nyingine. Jani la Viburnum tinus au Viburnum davidii ni gumu, lenye ngozi nene inayozuia maji kupotea wakati ardhi iliyoganda haitoi maji mengine. Viburnum rhytidophyllum, iliyoletwa Uingereza kutoka China na Ernest Wilson mwaka 1900, ina majani marefu yenye mikunjo na manyoya chini yake. Baridi ikizidi, majani hayo huning'inia na kujikunja, na mtu asiyejua hudhani kichaka kinakufa. Joto likirudi hunyooka tena.

KITENDAWILI CHA TUNDA

Malalamiko ya mara kwa mara ya wapandaji wa viburnumu ni kwamba kichaka huchanua vizuri kila mwaka lakini hakizai. Sababu yake ni ya kijenetiki. Viburnumu nyingi hukataa chavua yake yenyewe. Ili tunda litungike ni lazima chavua itoke kwa mmea mwingine wa spishi hiyo hiyo, au ya jamii ya karibu, wenye jeni tofauti.

Tatizo hukuzwa na namna vichaka vinavyozalishwa. Mbegu za viburnumu nyingi ni nzito kuota. Huhitaji kipindi cha joto ili mzizi utoke, kisha kipindi cha baridi ili chipukizi litoke; yaani mpanda mbegu huweza kungoja mwaka mmoja na nusu kabla ya kuona jani. Kwa hiyo vitalu hutumia vipandikizi. Lakini vipandikizi vyote vya kichaka kimoja ni kloni: kwa upande wa jeni vyote ni mmea ule ule mmoja. Mtu akinunua vichaka vitatu vya kloni moja na kuvipanda kwa safu, kwa macho ana vichaka vitatu. Kwa uchavushaji ana kimoja. Dawa yake ni kununua miche miwili au mitatu ya asili mbalimbali. Nchini Marekani, kwa mfano, apandaye Viburnum nudum ya aina ya ‘Winterthur’ hushauriwa kuweka karibu yake aina ya ‘Brandywine’, na zote mbili huzaa.

Juhudi hiyo hulipwa. Matunda ya Viburnum lantana hubadilika kutoka kijani kuwa mekundu, kisha meusi, na rangi zote huweza kuonekana katika shada moja. Matunda mekundu ya Viburnum opulus hubaki mtini hadi baridi imekolea, kwa kuwa ni machungu na ndege huyaacha mpaka vyakula vingine vimekwisha. Huwa, basi, akiba ya mwisho. Mtu naye asiyale mabichi, kwani huweza kuumiza tumbo.

Tunda la ajabu kuliko yote ni la Viburnum tinus. Lina buluu yenye mng'ao wa chuma, lakini ndani ya ngozi yake hamna rangi ya buluu. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza siri hiyo. Katika kuta za seli za ngozi ya tunda mna tabaka nyingi za vitone vidogo mno vya mafuta. Mwanga ukipiga tabaka hizo, sehemu yake ya buluu hurudishwa kwa nguvu kuliko nyingine, kama vile mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji yanavyotoa rangi. Chini yake kuna anthosianini nyeusi-nyekundu zinazomeza mwanga uliobaki. Watafiti hao walipendekeza kwamba mng'ao huo humwarifu ndege kuwa tunda lina mafuta mengi. Mfano wa namna hiyo umo barani Afrika pia: Pollia condensata, mmea mdogo wa misitu ya tropiki ya Afrika, ulielezwa mwaka 2012 kuwa na buluu inayotokana na tabaka za selulosi. Matunda yake yaliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa miongo mingi hung'aa hadi leo, kwa sababu hakuna rangi ya kuchujuka.

ADUI MDOGO

Uchaguzi wa viburnumu hauwezi kukamilika bila kumtaja Pyrrhalta viburni, mdudu mdogo wa jamii ya mbawakawa. Jike hutoboa mashimo yaliyopangana kwa mstari katika matawi machanga mwishoni mwa kiangazi, hutaga humo, na kuyaziba mashimo kwa makombo ya mti na kinyesi. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 500. Mayai huhitaji baridi ya muda mrefu kabla ya kuanguliwa. Majani mapya yanapotoka, mabuu nayo hutoka na kuyala mpaka zibaki mishipa mitupu. Baadaye huingia ardhini kuwa mabundo, kisha wadudu wazima hutoka na kula majani kwa mara ya pili. Kichaka kikivuliwa majani namna hiyo miaka miwili au mitatu mfululizo huweza kufa.

Mdudu huyu ni wa asili ya Ulaya na Asia, lakini amevuka bahari. Alionekana Kanada mwaka 1947, na mwaka 1996 akagunduliwa katika jimbo la New York. Huko madhara yamekuwa makubwa, hasa kwa Viburnum dentatum, spishi ya asili ya Amerika ambayo matunda yake yenye mafuta huwalisha ndege wanaohama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha sababu mojawapo. Tawi lililotobolewa na jike huweza kujibu kwa kuotesha tishu mpya zinazoyaponda au kuyatoa mayai. Spishi zilizoishi na mdudu huyu tangu zamani hujibu kwa nguvu. Zile za Amerika, ambazo hazikuwahi kumjua, hujibu kwa unyonge.

Hivyo uchaguzi wa mwenye bustani hauishii uani kwake. Akipanda spishi dhaifu bila kuichunga, huwalea wadudu watakaohamia msituni. Huweza kuchagua spishi zinazostahimili, kama Viburnum carlesii, Viburnum plicatum na Viburnum rhytidophyllum. Akitaka zile dhaifu, hana budi kuyakagua matawi yake wakati wa baridi, kuyakata yenye mistari ya mayai na kuyaangamiza kabla ya mwezi Aprili. Kazi hiyo haihitaji sumu.

KALENDA YA BUSTANI NDOGO

Kwa hali ya hewa ya kusini mwa Uingereza, mpango ufuatao huonyesha jinsi jenasi moja inavyoweza kugawana mwaka:

Novemba hadi Machi: ‘Dawn’, maua ya waridi juu ya matawi matupu.
Desemba hadi Aprili: Viburnum tinus, maua meupe na majani ya kijani.
Aprili na Mei: Viburnum carlesii au Viburnum × burkwoodii, harufu.
Mei na Juni: Viburnum plicatum ya aina ya ‘Mariesii’, matawi ya ngazi ngazi yaliyofunikwa na mashada meupe.
Julai na Agosti: Viburnum lantana, matunda yanayobadilika rangi.
Septemba na Oktoba: Viburnum opulus, matunda na majani mekundu.
Oktoba na kuendelea: Viburnum davidii, matunda ya buluu, ikiwa imepandwa miche ya asili mbalimbali.

Si lazima wala si rahisi kupanda zote. Viburnum davidii hufikia kimo cha mita moja na kidogo tu, lakini Viburnum plicatum hutanda hadi mita nne, na Viburnum rhytidophyllum hupanda hadi mita tano. Mche wa kitaluni hauonyeshi hayo. Anayesahau kupima ukubwa wa baadaye huishia kukikata kichaka kila mwaka, na pamoja nacho maua.

KAZI YA DARASANI

Katika Afrika ya Mashariki kinachotawala mwaka wa mimea mingi si baridi bali mvua na ukame. Hata hivyo njia ya kuchunguza ni ile ile. Darasa lichague vichaka kumi vilivyo karibu na shule. Kila wiki wanafunzi waandike, kwa kila kichaka, hali ya majani, maua, matunda na wadudu, pamoja na kiasi cha mvua iliyonyesha. Baada ya miezi kumi na miwili watakuwa na kalenda ya mahali pao, jambo ambalo haliwezi kusomwa katika kitabu chochote cha nchi nyingine. Kisha wajiulize maswali haya:

1. Ni mwezi gani ulio na maua machache kuliko yote, na ni wadudu gani huonekana mwezi huo?
2. Je, maua hufuata mvua, au huitangulia?
3. Kuna kichaka kinachochanua sana bila kuzaa? Kilipandwa kwa mbegu au kwa kipandikizi?
4. Matunda yepi huliwa na ndege mara yanapoiva, na yepi huachwa hadi mwisho?